Joto la Upande wa Ukutani

Wanza alipanda juu ya kigoda, akatundika kipimajoto kwenye msumari chini ya mabati, akashuka. Gathoni, mwenye chumba, hakuinua macho. Alikuwa akichagua maharagwe, na sufuria ya githeri, mahindi yanayochemshwa na maharagwe, ilikuwa tayari jikoni, kwa kuwa wateja wake walianza kuja jua likishuka. Wengi walikuwa vijana wa hapo Kianda, upande wao wa Kibera, waliokula wamesimama mlangoni na kumwita mathe, yaani mama.

"Hicho kitu kinakula stima?" Gathoni aliuliza.

"Hakili. Kinaandika joto tu."

"Basi kiandike. Joto ndiyo tuko nayo."

Ilikuwa Novemba, mwaka wa 2007. Wanza, mwanamke wa Machakos, aliishi na Gathoni ukuta kwa ukuta. Alikuwa amepata kazi ya muda katika mradi wa kukadiria nishati inayotumika katika nyumba za mabati, Kibera na Kawangware. Mhandisi wa mradi, Kihara, alimweleza hesabu yenyewe, na haikuwa ngumu. Joto linaloingia chumbani lazima lilingane na linalotoka pamoja na linalobaki. Linaingia kutoka kwa jiko, koroboi, jua juu ya bati, na miili ya watu, maana mtu aliyelala hutoa joto karibu sawa na balbu moja. Linatoka kwa bati, nyufa na mlango. Yote hayo yaliingizwa kwenye kompyuta, nayo ikajenga chumba kama kile kwa nambari, ili ijulikane kingehitaji nini kisigande mwezi wa Julai. Nyumba ambazo zingeonekana kuwa baridi zingewekewa dari na wafadhili.

Kule Kawangware, mtaa wa 46, Wanza alitundika kipimajoto kingine juu ya kitanda cha Nereah. Nereah alifanya shifti ya usiku katika kiwanda cha sabuni, akalala mchana, upande wa ukutani, shuka imemfika puani. Mumewe, Oyoo, fundi wa nguo, aliweka cherehani nje ili asimsumbue. Alimwomba Wanza apande kitandani taratibu. Wanza alipanda taratibu. Nereah hakuamka, ila alisogeza mguu kumpa nafasi.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, makabila yakageukiana, na vijana walifika mlangoni kwa Gathoni kumfukuza kwa sababu ya kabila lake. Walikuwa wale wale wa githeri. Mmoja alimwambia kwa adabu, "Mathe, toka tu, tusikuumize," na mwingine akapiga sufuria teke. Jiko walilitupa mtoni. Wanza alisimama kwenye mlango wake, amemshika mwanawe Alvin, na hakusema neno. Siku hizo Mkamba kama yeye aliulizwa yuko upande gani kila alipofungua mdomo, kwa hiyo wengi hawakuufungua.

Asubuhi iliyofuata, Kawangware, Mburu, msimamizi wa ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga, aliongoza vijana wengine, wa kabila la Gathoni, hadi kwa Oyoo. Oyoo alikuwa ameenda kuchota maji. Nereah alikuwa ametoka kazini na alikuwa akifungua kufuli. Ploti nzima iliona panga lilikuwa mkononi mwa nani. Baadaye ploti nzima ilisema haikuona. Oyoo alipokwenda kituo cha polisi kuandikisha kifo cha mkewe, askari alimwambia kuna foleni, arudi. Aliporudi, aliambiwa kwamba walioandikwa ni wale waliofikishwa mochari na polisi, na Nereah alikuwa amefikishwa na mkokoteni.

Vyumba havikukaa wazi. Oyoo alikimbilia Kianda, akapewa chumba cha Gathoni. Gathoni alikaa kwa muda katika hema la waliofukuzwa, kisha Mburu akampa chumba cha Oyoo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mji mzima watu walikuwa wakibadilishana vyumba namna hiyo bila kuonana.

Viongozi walipopeana mikono na ghasia zikatulia, mradi uliendelea. Vipimajoto vilikuwa bado kwenye misumari, kwa kuwa havikuwa na soko. Wanza alianza na Kianda. Oyoo hakuwa na jiko wala hakupika, alikula kibandani. Hata hivyo, kila alasiri joto lilipanda kwenye pembe ambapo Gathoni alikuwa akiweka jiko, likakaa juu muda ambao githeri huchukua kuiva, likashuka.

"Nilidhani ni bati," Oyoo alimwambia. "Halafu nikaweka pasi hapo, ikapata moto. Siku hizi sinunui makaa."

Kawangware, mambo yalikuwa mengine. Mchana, Gathoni akiwa sokoni na mlango umefungwa, chumba kilionyesha joto la mtu mmoja aliyelala. Gathoni mwenyewe alikuwa ameshalijua. Alimwonyesha Wanza mahali pa kuweka mkono. Upande wa ukutani ulikuwa na joto, hata baada ya shuka kufuliwa.

"Mimi nalala huku mwisho," Gathoni alisema. "Huko kuna mtu. Sijui ni nani, lakini hasumbui."

Wanza alimwambia ni nani. Gathoni aliuliza kama Nereah alipenda blanketi nzito ama nyepesi.

"Sijui. Nilimwona akiwa amelala tu."

"Na kwangu Kianda?"

"Moto wako ungali unawaka. Bwana yake Nereah ndiye anakaa huko, anapashia pasi."

"Wacha apashe," Gathoni alisema.

Ofisini, kompyuta ilikataa kulinganisha joto la vyumba hivyo viwili. Kihara alizitazama nambari, akamwita Wanza.

"Hapa naona jiko. Jiko liko wapi?"

"Lilitupwa mtoni."

"Na hapa naona mtu. Yuko wapi?"

"Alizikwa kwao, Siaya."

Kihara alifikiri. Modeli, kile chumba cha nambari, haikuwa na mahali pa kuandika waliofukuzwa, lakini ilikuwa na mahali pa kuandika majiko na watu. Akaongeza jiko moja Kianda na mtu mmoja Kawangware. Hesabu ikakubali mara moja. Vyumba vingine vingi vilikuwa na shida hiyo hiyo, navyo akavitibu vivyo hivyo. Kwa hiyo Nereah, ambaye kituo kilishindwa kumwandika, aliandikwa huko: mtu mzima, mmoja, amelala.

Ripoti ilisema nyumba za mabati zina joto kuliko ilivyodhaniwa. Dari hazikuhitajika.

"Lakini hilo joto ni la watu waliotolewa," Wanza alisema.

"Najua," Kihara alijibu. "Kipimo hakiulizi ni la nani. Wafadhili nao hawajauliza."

Wanza alipomweleza Oyoo kuhusu kitanda, Oyoo aliweka mkasi chini akaomba apelekwe. Walikwenda Jumamosi. Gathoni alifungua mlango, akasema, "Karibu kwako," kisha akaangalia chini. Yeye na Wanza walitoka nje, wakasimama karibu na kamba ya nguo. Ndani, Oyoo aliketi kitandani, akaweka kiganja upande wa ukutani, na kwa muda mrefu hakukitoa. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa, na hakujishughulisha kuupangusa.

"Tubadilishane?" Gathoni aliuliza. "Kila mtu arudi kwake?"

"Mimi niko tayari," Oyoo alisema. "Waulize wa kwenu, mimi niwaulize wa kwetu."

Wote wawili walijua jibu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Kwenye geti la ploti walimkuta Mburu akipaka rangi nambari za milango.

"Oyoo! Umepotea sana," Mburu alisema.

"Nimepotea," Oyoo alijibu, akapita.

Julai ilikuja na baridi yake. Mke wa Mburu alijifungua kabla ya wakati, mtoto mdogo kama kiatu. Hospitalini chumba cha watoto njiti kilikuwa kimejaa, wakaambiwa wamfunge mtoto kifuani na waombe Mungu. Mama mwenyewe alikuwa na homa, anatetemeka. Mburu alisimama mlangoni kwa Gathoni, amemkumbatia mtoto ndani ya koti lake. Kufikia wakati huo ploti yote ilijua habari za kitanda kile, na ilijua joto ni la nani.

Gathoni aliziba mlango kwa mwili wake.

"Unajua huyo ni nani hapo?" aliuliza.

"Najua," Mburu alisema.

"Sema jina."

Mburu hakusema. Mtoto alitoa sauti nyembamba kama ya paka. Gathoni alimchukua, akamlaza upande wa ukutani. Baada ya muda vidole vya mtoto, vilivyokuwa vya bluu, vilirudiwa na rangi.

Wanza alimpelekea Oyoo habari hizo Kianda. Alimkuta akipiga pasi suruali ya mteja.

"Mtoto wa Mburu?"

"Ndiyo."

"Na joto halijapungua?"

"Halijapungua. Mtoto ananyonya, anaongeza uzito."

Oyoo aligeuza suruali upande wa pili, akainyunyizia maji, akapiga pasi hadi mwisho wa mguu. Mkunjo ulitoka umenyooka.

"Mwambie Gathoni amfunike," alisema hatimaye. "Mchana hapo mlangoni kuna upepo."

Wanza alimwambia. Mtoto alifunikwa, akapona, na Mburu akaendelea kusimamia ploti.