Mlango wa Mama Ivyne

Jumamosi asubuhi Kibe alimsimamia fundi Kaloki aung'oe mlango wa chumba cha mwisho kwenye ploti yake ya vyumba vya kupangisha, Waithaka. Ulikuwa mlango mzito wa mahogani, kazi ya Mzee Gichuru aliyemuuzia hiyo ploti, ambaye alikuwa seremala kabla hajawa mwenye nyumba. Bawaba zilikuwa zimepakwa rangi mara nyingi hata skrubu hazionekani. Kaloki aligonga, akakwaruza, akanung'unika kwa Kikamba. Nasimiyu, mpangaji wa chumba hicho, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Ivyne, alisimama kando na sufuria ya uji mkononi.

"Si tulisema Novemba, landlord?" aliuliza.

"Hii ni renovation tu," Kibe alimjibu, huku akimwangalia Kaloki.

Walikuwa wamesema Novemba kweli. Wiki chache nyuma Kibe alikuwa ameketi kitandani kwa mama huyo, maana kiti hakikuwapo, akanywa chai yake na kula mandazi yake. Alimweleza kwamba anataka kuunganisha vyumba viwili viwe nyumba moja yenye choo ndani. Mama Ivyne hakubishana. Aliomba jambo moja tu, binti yake amalize mtihani wa kidato cha nne, kisha wahame wenyewe. Kodi alikuwa akilipa kabla ya kuulizwa, kwa pesa za kufua nguo kwenye nyumba za Kitisuru. Kibe alisema hakuna shida, akampa mkono. Alisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililokuja kumtesa, kwa sababu mtu aliyekusudia kudanganya toka mwanzo angalau amejiandaa.

Kisha Kaloki akasema amepata kazi ndefu kule Kikuyu, kwa hiyo ni sasa au mwaka ujao. Kibe, mtu wa bima anayeshinda ofisini katikati ya jiji, alikuwa mgeni kabisa katika mambo ya ploti. Akakumbuka semina aliyohudhuria kwenye hoteli moja ya town, ambapo kijana mwenye suti ya kumbana aliwafundisha wenye nyumba wanaoanza kwamba mpangaji wa zamani hagombezwi wala hapelekwi kortini. Unatoa mlango, unasema unakarabati, anajitoa mwenyewe. Ukumbi mzima ulicheka, na Kibe akacheka nao. Chai ya hapo pia ilikuwa nzuri.

Mlango wenyewe ulikuwa mzuri mno kuachwa kwenye vumbi. Nyumbani kwake, mtaa wa Jamhuri, mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umeliwa na mchwa, basi wakaufunga wa mahogani juu ya gari, na alasiri hiyo hiyo Kaloki akaupunguza kidogo chini kwa msumeno ili utoshee, akauweka.

Jioni mkewe Mwihaki alikwenda kuchukua shali chumbani, akarudi bila shali.

"Baba Debra, kuna mtu huku," alisema.

Kibe akaenda kuangalia. Nyuma ya mlango palikuwa na chumba cha Mama Ivyne, na jiko lake la gesi, na kalenda yake ya kanisa, na Ivyne juu ya kitanda akifanya hesabu. Mahali mlango ulipotolewa palikuwa wazi, pamezibwa kwa leso ya kujifunga iliyopigiliwa misumari, na upepo wa Waithaka ulikuwa ukiisukuma ndani. Chumba cha kulala cha Kibe hakikuwa kimepotea. Kilikuwa ng'ambo, baada ya kitanda cha Ivyne, na mtu aliyetaka kukifikia ilibidi apite hapo katikati.

"Habari ya jioni," Kibe alisema.

"Nzuri. Piteni tu," Mama Ivyne alisema, akasogeza beseni la dagaa wa omena.

Walipita. Mwihaki alipofika upande wao aliketi kitandani, akauliza yule ni nani. Kibe akasema ni mpangaji. Mwihaki akauliza mlango wake uko wapi. Kibe akavua soksi, moja, halafu nyingine, akazikunja vizuri kuliko ilivyokuwa desturi yake.

Wakazoea, kama watu wanavyozoea maji kukatika. Asubuhi Kibe alipita akiwa amevaa tai, akasalimu, akaenda kazini. Mwihaki alianza kutokea upande wa leso kwenda kununua mboga Waithaka, kwa kuwa sukuma ya huko ilikuwa mbichi zaidi. Kaloki aliitwa aung'oe mlango tena, akaung'oa, lakini uwazi uliobaki ulielekea palepale, na baridi ikaingia mpaka sebuleni, kwa hiyo akaurudisha. Aliulizwa lini atabomoa ukuta wa chumba kile. Akasema akiubomoa na wao wamelala ng'ambo, kokoto zitawaangukia wote, boss, na yeye hataki maneno.

Kilichomsumbua Kibe si mlango kuelekea Waithaka. Ni kuona. Zamani mpangaji alikuwa ni mtu wa ujumbe wa simu mwisho wa mwezi. Sasa alijua kwamba Mama Ivyne hulala ameegemea lile pengo, mgongo wake ukiwa ndio komeo, ili binti apate usingizi. Alijua kwamba majirani wakipita uani huchungulia. Alijua kwamba Ivyne hubadilisha nguo ndani ya blanketi. Aliona aibu mpaka akawa anakohoa kabla ya kufungua, kana kwamba kikohozi kingepunguza chochote.

"Rudisha mlango wa watu," Mwihaki alimwambia.

"Jumatatu," Kibe alisema, na alimaanisha. Alishampigia Kaloki simu, alishaazima na gari.

Lakini Jumapili ilikuwa zamu yao kukipokea kikundi cha maombi cha mtaa. Katika kikundi hicho ni desturi akina mama wakifika wapeleke mikoba na makoti yao chumbani, yawekwe juu ya kitanda cha mwenye nyumba, ndipo waketi. Mwihaki alijaribu kuipokea mikoba mlangoni. Akina mama wakakataa, wakasema asisumbuke, wanajua njia. Wakapita mmoja mmoja. Kibe alikaa sebuleni akiwasikia: "Bwana asifiwe, mama." "Amina." "Na huyu ndiye msichana? Anasoma? Vizuri." Waliporudi, viatu vyao vikiwa na vumbi la Waithaka, hawakumuuliza Kibe neno. Walikunywa chai. Philister, kiongozi wa kikundi, alisifu chapati.

Katika sala ya kufunga Philister aliwaombea wagonjwa, akawaombea wanafunzi wanaokaribia mtihani, na akawaombea wale wasio na mlango wa kufunga usiku. Wote wakasema amina. Sauti ya Kibe ndiyo iliyosikika zaidi.

Hapo ndipo aliposhindwa. Mtu akidhani aibu humsukuma mwenzake atende haki, hajamjua Kibe. Kabla ya Jumapili angeweza kuurudisha mlango kimyakimya. Sasa kuurudisha kungekuwa kusema mbele ya Philister na wenzake kwamba ni kweli, nilimpa mama huyu mkono, kisha nikamng'olea mlango. Alitafuta njia ya kurudisha bila kukiri, akaikosa, na alipoikosa akaanza kumkasirikia Mama Ivyne kwa kuwa pale kila anapopita.

Jumatatu akasimama katikati ya chumba cha mama huyo.

"Nimekutafutia pickup," alisema. "Ibebe vitu vyako. Gharama juu yangu."

"Na mlango?"

"Mlango ulikatwa chini. Hauwezi kutosha tena."

Mama Ivyne aliinama, akautazama mlango pale chini, mahali mbao ilipokuwa mpya na nyeupe. Akapapasa kwa kidole.

"Kumbe," alisema, akaanza kukunja leso.

Alikwenda kwa binamu yake Lornah, Kangemi. Kaloki alibomoa ukuta, akaweka vigae, sinki na choo cha ndani, na kabla rangi haijakauka nyumba ikachukuliwa na kijana aitwaye Quincy, mwenye televisheni kubwa na mlango wa chuma. Quincy aliisifu sana. Kibe alipiga picha, akazituma kwenye kundi la semina, wakampongeza kwa vidole gumba vingi.

Jioni ya siku Mama Ivyne alipohama, Kibe alifungua mlango wa mahogani taratibu, akitarajia kuona kitanda chake mwenyewe. Aliona jiko la Lornah, chumba chake cha kupikia. Lilikuwa jembamba, na godoro la Mama Ivyne lilikuwa limetandikwa chini, toka ukuta hadi ukuta, kati ya ndoo za maji na kreti ya soda. Kitanda chake kilikuwa ng'ambo kama kawaida.

Hakumwita Kaloki tena. Yeye na Mwihaki walijifunza kuvua viatu sebuleni na kupita wakivibeba mkononi, wakikanyaga ukingo wa godoro ambako sponji ilikuwa imekwisha. Mwihaki aliacha kuzungumza naye wakiwa njiani, na baadaye hata walipofika. Lornah aliwaomba tu wasigonge sufuria.

Siku iliyotangulia mtihani wa kwanza, Ivyne alikuwa amelala chali, kitabu kikiwa kifuani, taa ya simu ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo. Mama yake alikuwa amesinzia akiegemea ukuta. Kibe alisimama kizingitini na viatu vyake. Alikuwa amebeba sentensi moja toka ofisini, ameifanyia mazoezi kwenye lifti, na ilikuwa sentensi ya kweli, ya kuomba msamaha.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" akauliza badala yake.

"Saa mbili," Ivyne alisema, akakunja miguu ili apite.

"Haya," Kibe alisema. "Tutapita polepole."