Kiti cha Mtawala

Miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo, na kazi aliyopewa mwanafunzi kule makumbusho ilikuwa kupangusa vumbi na kujaza kadi. Kila kitu ghalani kilikuwa na kadi yake: namba, vipimo, matumizi, na mwishoni jina la mtu aliyetoa maelezo. Mstari huo wa mwisho ulikuwa mtupu kwenye karibu kadi zote. Wakusanyaji wa zamani walijua kuchukua; kuuliza hawakujua.

Wiki ya tano alikutana na kigoda kifupi kilichokatwa pengo kubwa kwa mbele. Kadi yake ilisema: "Kiti cha mtawala. Pengo ni la kuegeshea upanga." Akakipiga picha kwa simu, akaenda kumwonyesha bibi yake, aliyekuwa mkunga kwa miaka arobaini.

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Upanga! Mjukuu wangu, hapo hapaegeshwi upanga. Hapo anapita mtu akija duniani."

Akaeleza yote huku mjukuu akirekodi: mzazi alikaa vipi, alishika wapi, mkunga alichuchumaa upande gani. Kisha akauliza, kama anayeuliza jambo dogo tu, "Na jina langu mtaliandika?"

"Nitaliandika mwenyewe, bibi."

Bibi akautengeneza mtandio wake, ingawa ulikuwa umekaa sawa.

Mhifadhi mkuu aliisoma kadi mpya akiwa amesimama. "Binti, Jumamosi waziri anakuja kuzindua ukumbi. Kadi za mwaliko zimeshachapishwa, na picha ya kiti cha mtawala iko juu kabisa. Nimwambie nini sasa? Kwamba tumemwita aje kutazama kiti cha kuzalia?"

"Lakini ndicho, mzee."

"Ndicho, kwa maneno ya bibi yako."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa fomu ya tathmini ya chuo, ambayo hakuwa ameitia sahihi, akaiweka juu ya ile kadi. Bila fomu ile hakuna kuhitimu, na wote wawili walilijua hilo. Mnyonge hana haki, hata kwenye nyumba ya kuhifadhi ukweli.

Kadi mpya mwanafunzi aliichana kwa mikono yake mwenyewe. Hilo tusimfichie.

Jumamosi yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwatembeza wageni. Bibi alikuja bila kualikwa, kavaa nguo yake ya harusi za watu, akainama kwenye kibao cha maelezo kulitafuta jina lake. Mwanafunzi alimwona. Lakini waziri alikuwa ameshauliza, "Na hili pengo?"

"La kuegeshea upanga, mheshimiwa."

Watu wakapiga makofi. Bibi naye akapiga, taratibu, akimtazama usoni.

Fomu ilitiwa sahihi Jumatatu, alama za juu kabisa. Mwaka uliofuata mwanafunzi akachagua kuandika tasnifu yake juu ya wakunga. Nani angemshinda, mjukuu wa mkunga? Akaenda kwa bibi, akaweka simu mezani ianze kurekodi.

Bibi alimkaribisha vizuri. Alimmiminia chai, akamuuliza habari za masomo, akamwombea heri. Lakini kila swali la ukunga lilipata jibu moja, kwa sauti ya upole isiyo na hata chembe ya hasira:

"Mimi nimeshasahau, mwanangu. Waulize wenzako wa makumbusho."