Kabati la Osea Sichone

"Lishusheni kwa mgongo, lisilale kifudifudi," alisema Yunisi Nzunda, akitandika gunia tupu kwenye sakafu ya kibanda chake cha kutengenezea redio.

Wapagazi wawili waliliinua kabati kutoka kwenye mkokoteni, wakaliteremsha huku wakihema. Lilikuwa refu kama kabati la vyombo, la mbao nyeusi, na uso wake wote ulikuwa paneli za alumini zilizopangwa safu tatu. Kila paneli ilikuwa na nobu za kuzungusha, kama zile za kuongezea sauti kwenye redio, na chini ya nobu kulikuwa na matundu madogo ya mviringo. Waya fupi za rangi zilitoka tundu hili zikaingia tundu lile, zikapitana, zikaning'inia. Hapakuwa na neno lolote lililoandikwa.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba mwaka 1994. Upepo wa baridi ulikuwa ukichota vumbi kwenye foleni ya malori ya mpakani na kulimwaga ndani ya vibanda vya Tunduma.

"Mama huyu ananichelewesha," alisema Habibu, mnunuzi wa vyuma chakavu, bila hasira. Alikuwa mtu wa Kondoa aliyeishi Tunduma miaka kumi. "Tulishapatana. Mimi nataka shaba na alumini iliyomo. Sasa anasema halivunjwi mpaka aambiwe ni kitu gani."

Mama aliyesemwa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ncha za kitenge chake. Aliitwa Ruti, mjane wa Osea Sichone, mkazi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Mwapoleni, fundi," alisalimia kwa Kibemba, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha polepole. "Mume wangu alikuwa akifagia na kutunza vyombo kwenye studio moja huko Kitwe. Mzungu mmoja alipoondoka akamwachia hiki. Amekaa nacho miaka kumi na tisa, kila mshahara ananunua vitu vya kutia humo. Ndugu zake wanasema alipoteza umri wake kwa takataka. Wengine wanasema ni mambo ya giza. Mimi nataka kujua tu. Nikijua, kiende."

"Fundi Deus amekiona?" Yunisi aliuliza.

"Amekiona," Habibu alijibu. "Anasema ni mtambo wa simu, ile ya kuchomeka waya ili watu waongee. Anasema umekufa."

Deus alikuwa na duka barabara kuu, lenye kibao cha rangi mbili, na wenye redio kaseti mpya walikwenda kwake. Kwa Yunisi zililetwa zile zilizomshinda Deus. Hilo halikumuumiza sana, kwa sababu redio iliyoshindikana humfundisha fundi kuliko redio kumi zilizokatika waya.

"Kesho ukitoka kwenye swala, mje wote wawili," alisema.

"Jumamosi asubuhi lori langu linaondoka kwenda Dar," Habibu alimkumbusha. "Na hilo kabati litakuwa juu yake, zima au vipande."

Walipoondoka, Yunisi alikaa kwenye kigoda na kulitazama kabati kwa muda bila kuligusa.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alizaliwa Nanyala, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, na akiwa msichana alipata kazi Arusha kwenye kiwanda cha kuunganisha redio. Miaka tisa alikaa kwenye benchi moja akichomeka vipande vitano vilevile kwenye bodi zilezile, na kuvigandisha kwa risasi ya kuyeyusha. Wenzake walipiga soga. Yeye aliuliza. Hiki kinafanya nini? Kikiondolewa, redio inakuwaje? Mkaguzi wao, Teresia, alichoka kumjibu, akaanza kumpa michoro aende nayo nyumbani. Biashara ilipofunguliwa na redio za nje zikaingia kwa bei ya kutupa, kiwanda kilifungwa. Yunisi akarudi kwao na mita ya kupimia umeme ndani ya kikapu, akapanga kibanda mpakani. Mwaka wa kwanza watu walioliona jiko lake la kupashia chuma walipita wakidhani anauza mkaa.

Alifungua kabati kwa nyuma. Jambo la kwanza aliloliona lilimfanya atabasamu: halikuwa mtambo wa simu. Simu ingekuwa na kengele, ingekuwa na zile swichi za sumaku zinazogonga. Humu hamkuwa na hata moja. Karibu kila paneli ilibeba bodi yake peke yake, na kila bodi ililishwa na waya tatu tu.

Akaanza na bodi tatu zilizofanana. Kwenye kila moja, transista mbili zilikuwa zimegandishwa mgongo kwa mgongo na kufungwa kwa kipande cha shaba. Alizigusa kwa ncha ya kidole. Kwa nini mtu afunge transista mbili kama mapacha mgongoni? Ili moja ikipata joto na nyingine ilipate. Ili zisipishane. Mtu aliyebuni hili aliogopa kitu kuyumba, hata kidogo. Na ni kitu gani ambacho binadamu huona mara moja kikiyumba kidogo tu? Yunisi aliimba kwaya tangu akiwa mtoto, na jibu lilimjia akiwa bado amekishika kile kipande cha shaba. Ni sauti. Sauti ikipanda hata unywele mmoja, kanisa zima linageuka.

"Wewe unaimba," aliliambia kabati.

Bodi ya nne ilikuwa na transista mbilimbili, jozi juu ya jozi, na katikati ya kila jozi kapasita moja, kama vipago vya ngazi. Hiyo aliielewa upesi zaidi. Kwenye redio, kapasita moja huondoa ukali wa sauti. Hapa zilikuwa nne, zikipokezana, kila kipago kikikata ukali uliobaki. Ilikuwa chujio. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa ameshajaza kurasa tano za daftari kwa michoro, na alikuwa amegundua pia ugonjwa wenyewe: transfoma ya kulisha umeme ilikuwa imeungua, nyeusi tii.

Asubuhi ya Ijumaa alimkuta Habibu akinywa chai kando ya lori lake.

"Naomba betri zako," alisema.

Habibu aliweka kikombe chini. "Betri za lori hili?"

"Zote mbili. Mashine ile haitaki umeme wa njia moja. Inataka wa juu na wa chini, na katikati pawe sifuri. Nikifunga betri mbili kwa kufuatana, pale zinapokutana ndipo sifuri yangu. Zitarudi jioni."

"Na ukiziunguza?"

"Basi utanivunja mimi pamoja na kabati."

Habibu alimtazama, akacheka kidogo, akamwita dereva aje na spana.

Asubuhi ile yote Yunisi alifanya kazi na jiko la mkaa miguuni, akipasha chuma cha kuchomea risasi. Kapasita zilizokauka alizitoa, akaweka nyingine kutoka kwenye mizoga ya redio iliyojaa chini ya meza. Alipounganisha betri, moshi haukutoka. Aliweka mita kwenye bodi ya tano, akabonyeza kitufe cha paneli yake, na mshale ukapanda taratibu, ukakaa, kisha ukashuka taratibu zaidi. Akabonyeza tena. Ukapanda, ukashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Haikuwa sauti, ilikuwa namna ya sauti kuja na kuondoka. Kwenye kipande cha plasta akaandika *Pumzi*, akakibandika kwenye paneli ile. Zile tatu za kwanza akaziita *Koo*. Ile ya ngazi, *Chujio*. Na ile ya sita, iliyofungua na kufunga sauti kwa amri ya Pumzi, akaiita *Mlango*.

Zilibaki bodi mbili za safu ya chini, na hizo zilimsimamisha. Hazikutoka kiwandani. Zilikatwa kwa msumeno wa mkono, kingo zake hazikunyooka, lakini risasi iliwekwa kwa adabu, kila tone dogo na linalong'aa. Njia za shaba zilipinda kwa unyenyekevu kupisha kila kipande. Na ukingoni mwa njia hizo kulikuwa na mabaki ya rangi nyekundu.

Ruti alifika mapema kuliko wengine. Yunisi alimpa kigoda, akamshikisha bodi moja.

"Mama, hizi mbili mume wako alizitengeneza mwenyewe tangu mwanzo. Anachukua bati la shaba, anachora njia kwa rangi, halafu anatumbukiza kwenye dawa kali. Dawa inakula shaba yote, inaacha ile iliyofunikwa na rangi. Ila rangi hii siijui. Si ya nyumba, si ya gari."

Ruti aliisogeza bodi kwenye mwanga wa mlangoni. Aliukwaruza ukingo wake kwa ukucha.

"Ni ya kucha," alisema hatimaye. "Ni rangi yangu ya kucha. Ilikuwa inapotea, chupa baada ya chupa. Nikamuuliza, akacheka. Na kila siku anaongea juu ya Sinthi. Sinthi leo hakukubali, Sinthi leo ameimba vizuri. Mwanangu, mwaka mzima nilimnyima maneno. Nilijua ana mwanamke anaitwa Sinthi, na anampelekea rangi zangu. Kumbe Sinthi ni hili kabati."

Ruti akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na machozi yakamshuka hapohapo.

Baada ya swala Habibu alikuja, na nyuma yake Deus, mikono mifukoni. Watu wa vibanda vya jirani nao wakajisogeza. Yunisi alichomeka waya kutoka Koo moja kwa moja hadi kwenye spika kubwa ya redio yake. Ikatoka sauti kali, nene, isiyokoma, kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Mtu mmoja akarudi nyuma.

"Hiyo ni koo tupu," Yunisi alieleza. "Sasa naipitisha kwenye Chujio." Alichomoa, akachomeka, akazungusha nobu, na ule ukali ukalainika kipago kwa kipago mpaka ukawa kama filimbi iliyopigwa nyuma ya mlima. "Sasa Mlango, na Pumzi ya kuuamrisha." Sauti ikaanza kuja na kuondoka, moja moja, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake.

Alichomeka waya wa mwisho kwenye paneli iliyobeba zile bodi mbili za Osea. Ilikuwa na nobu nane na vitaa vinane vyekundu. Vitaa vikaanza kuwaka kwa zamu, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kitaa kilitoa sauti yake. Sauti nane, kisha zilezile tena, lakini hazikupatana. Nobu zilikuwa zimezungushwazungushwa safarini.

"Kinanda," alisema Deus kwa sauti ya chini.

"Kinanda cha umeme," Yunisi alikubali.

Deus akachuchumaa mbele ya kabati, akaangalia vibandiko vya plasta kimoja kimoja. "Mimi nilisema simu," alisema, na kila mtu alimsikia. "Nilikosea. Hiyo ngazi ya transista, utanichorea?"

"Nitakuchorea," alijibu Yunisi. Alijikuta amesimama wima kuliko kawaida yake, kidevu juu, masizi ya mkaa mashavuni, na hakujali nani anamwona.

Ruti alikuwa ameshasogea kwenye nobu. Hakuomba ruhusa. Alisikiliza mzunguko mzima, akashika ya tatu, akaishusha. "Hii ilikuwa chini zaidi," alisema. Akasubiri sauti ipite tena. Akagusa ya tano, akaizidisha, akaipunguza. Ya saba ilimchukua muda, na watu wote walimsubiri, hata Habibu aliyekuwa na lori la kupakia. Taratibu zile sauti nane zikaanza kujuana, zikashikana mikono, zikawa wimbo mfupi unaopanda, unashuka, unauliza, unarudi.

"Alikuwa anaupiga mluzi akinyoa ndevu," Ruti alisema. "Kila asubuhi. Nilidhani ni kitu cha redioni."

Waliusikiliza ukizunguka mara nyingi. Halafu Habibu akakohoa.

"Mama Ruti," alisema, "mimi na wewe tulipatana vyuma chakavu. Hiki si chuma chakavu. Nitapakia kitu kingine." Akamgeukia Yunisi. "Ila betri zangu, dada, nazitaka."

"Natotela, mwanangu," Ruti alimshukuru kwa Kibemba, akainamisha kichwa. Kisha akamwomba Yunisi kabati libaki hapo siku moja zaidi. Kulikuwa na watu aliotaka kuwaleta.

Jumamosi, lori la Habibu likiwa limeshaondoka, Yunisi alikodi betri mbili kwa dereva aliyekwama kwenye foleni, akazifunga upya. Saa nne hivi mjane alivuka mpaka na shemeji zake watatu, wale ndugu waliokuwa wakimsema Osea, wanaume wazima waliovaa makoti ya kanisani. Walisimama mlangoni wakilitazama kabati kwa mashaka, kama watu walioitwa kusuluhisha ugomvi. Yunisi aliwafutia benchi vumbi. Wakaketi wakibanana.

Waya zote zilikuwa zimechomolewa, zimelazwa juu ya meza. Yunisi alinyoosha mkono kuchukua wa kwanza.

"Acha, fundi," alisema Ruti. "Mimi mwenyewe."

Alichukua waya wa kijani. Aliusoma mstari wa plasta polepole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza: *Koo. Chujio. Mlango. Pumzi.* Shemeji mkubwa alivua kofia yake, akaiweka gotini. Nje lori moja lilizima injini, na katika ukimya ule Ruti akainama, akatafuta tundu.