Kinyota Kwenye Folda

Saa nne kamili daktari angewasha pampu ya dawa. Saa tatu na nusu, Mfungashaji alikuwa bado anaitukana kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kupokea programu ikiwa imebanwa ndani ya faili moja, kuifungua, kuijenga, kisha kuifunga kama kifurushi na kukituma kwenye mashine za hospitali. Programu ya pampu, toleo la pili, ilikuwa na kasoro: mara mojamoja ilidondosha dawa maradufu, ikabidi wauguzi wakae wakihesabu matone kwa macho. Toleo la tatu lilitibu hilo. Na aliyelala akingoja pampu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Dawa yake ikichelewa ni balaa, ikizidi ni msiba.

Simu ikalia. Mke wa kaka.

"Shemeji, mbona kimya? Kaka yako anauliza kama unaichonga pampu kwa panga."

"Mwambie aumwe kwa adabu."

Tatizo lilikuwa la kijinga. Siku zote waandishi wa programu waliweka kazi yao kwenye folda yenye jina na namba ya toleo, na maelekezo ambayo Mfungashaji aliiandikia kompyuta yaliingia humo. Leo yalitafuta "pampu-3", kumbe wenyewe wameandika "pampu-mpya". Kompyuta ikagoma: folda haipo.

"Weka kinyota penye namba," akasema Kipara wa meza ya pili, bila kuinua kichwa. "Iambie iingie folda yoyote inayoanza na pampu. Unajitesa nini, bwana?"

Akaweka. Kazi ikateleza kama mlenda, taa ikawa ya kijani. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma alipoona ukubwa wa kifurushi: sawasawa na cha mwezi jana, cha toleo la pili, mpaka tarakimu ya mwisho.

Akauondoa mkono. Akachungulia mle ndani ya kompyuta anamojengea programu. Folda ya zamani, "pampu-2", ilikuwa palepale, takataka aliyoona uvivu kuifagia. Kompyuta iliukuta mlango huo kwanza, ikaingia. Nje ingeandikwa tatu, ndani mbili. Wauguzi wangeiona tatu, wakageuza migongo bila kuhesabu matone.

"Kinyota chako kingemuua ndugu yangu!"

Kipara akainua kichwa.

Mfungashaji akaifuta folda ya zamani, akaandika jina lote, herufi kwa herufi, akaanza upya. Kujenga huchukua dakika kumi na moja. Zilibaki kumi na nne kufika saa nne.

Mke wa kaka akapiga tena. "Shemeji, daktari ameshavaa glavu."

"Mzuie!"

"Kwa kipi?"

"Zimia. Lia. Wewe si hodari wa kulia?"

Akalia kweli, Mfungashaji alimsikia. Mstari wa mwisho wa ujenzi ukapita kwenye skrini. Safari hii ukubwa ulikuwa tofauti. Akabonyeza.

Mke wa kaka akaisogelea pampu. Kisha: "Imewaka. Imeandika tatu, shemeji!"

"Achana na namba. Kaa hapo, hesabu matone."

"Yote?"

"Yote. Kwa sauti."

Akaanza kuhesabu. Mfungashaji akahesabu naye, macho kwenye saa ya ukutani.