Sabuni Ilipoacha Kuuma

Usijifanye hukuliona. Shuka jeupe limefungwa kwenye geti la kiwanda cha sabuni, wiki ya pili hii. Umepita hapo asubuhi, umepita jioni, na kila ukifika unainama kutafuta kitu mfukoni ambacho hukukipoteza. Wahenga walisema macho hayana pazia. Wewe ya kwako umeyashonea. Basi leo keti, usome karatasi hii, ujue shuka lile ni la nani.

Ni la Kicheko, binti wa pekee wa Mama Dobi, yule mama anayefua nguo za watu kwenye ua wa nyumba ya vyumba sita. Kicheko alifanya kazi miaka minne katika chumba cha kufungashia, pale sabuni ya unga inapomiminwa mifukoni. Feni ya kunyonya vumbi ilikufa mwaka wa kwanza. Msimamizi akasema fundi yuko njiani. Miaka mitatu fundi yuko njiani, labda anatambaa. Wanawake wakajifunga vitambaa puani, na unga ukapenya humo humo kama mgeni asiyejua hodi.

Kila mwisho wa wiki waligawiwa mifuko iliyopasuka. Kicheko akaileta nyumbani anacheka.

"Mama, leo unafua kwa sabuni ya wakubwa! Ukianza kuringa, usinisahau."

Kikohozi kilipoanza, Mama Dobi alifanya alichokijua. Wengine wakiona ugonjwa hukimbilia dawa. Dobi hukimbilia beseni. Akawa anafua mashuka ya mwanawe kila baada ya siku moja, vikombe viwili vya unga badala ya kimoja, akisuuza mara moja tu ili ile harufu nzuri ibaki, mtoto alale pasafi. Mtoto akazidi kukohoa. Mama akaongeza kikombe cha tatu.

Daktari wa zahanati ndiye mtu wa kwanza kuuliza, "Unafanya kazi wapi, binti?" Akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama. "Mapafu yameharibiwa na huo unga. Asiurudie tena. Hata nyumbani, unga huo usiwepo."

"Hata kwenye mashuka, daktari?"

"Hasa kwenye mashuka, mama. Si ndiko anakolaza uso wake?"

Mama Dobi alirudi nyumbani, akaimwaga mifuko yote chooni. Akachemsha mashuka kwa maji matupu. Harufu ikang'ang'ania kama kupe. Dukani, sabuni ya mche na ya unga zote zilitoka geti lile lile, na Kicheko akizinusa tu anabanwa. Basi akalazwa kwenye mkeka mtupu, na mama akamwapia: "Nitakutandikia shuka lisilo na chembe ya watu wale. Nitaitengeneza sabuni kwa mikono yangu."

Muuza mafuta wa jirani akamwelekeza: mafuta, maji, na kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mara ya kwanza Mama Dobi alimimina maji juu ya kostiki. Ikafoka, ikamchoma mkono. Mara ya pili akatia kostiki kwenye maji, nje uani, mbali na dirisha la mgonjwa. Akachanganya na mafuta, akakoroga hadi ikawa nzito kama uji, akaimwaga kwenye boksi la mbao. Kesho yake akakata vipande, akavipanga rafuni.

"Wiki nne," muuza mafuta alionya. "Ikiwa mbichi inakula ngozi. Igusishe ncha ya ulimi. Ikiuma, bado."

Kicheko akaidai kazi hiyo. "Mimi ndiye mtu wa kiwanda humu ndani. Lete nipime."

Kila asubuhi mama akamletea kipande.

"Inauma?"

"Kama ulimi wa msimamizi."

"Mh! Basi hiyo haiivi mpaka kiama."

Walicheka, kicheko kikigeuka kikohozi, mama akimshika mgongo mpaka kipite. Siku ya kumi na tisa Kicheko alikigusa kipande, akatabasamu. "Leo imepungua, Mama. Inauma kama ulimi wako tu."

Kesho yake, saa nne asubuhi, kifua kilifunga. Alikuwa juu ya mkeka.

Msimamizi alikuja msibani na boksi la sabuni ya unga begani. "Pole sana, Mama. Kampuni imekukumbuka."

Mama Dobi akamtazama. "Fundi wa feni amefika, mwanangu?"

"Yuko njiani, Mama."

"Basi kamngojeni huko huko njiani, wewe na boksi lako."

Siku ya ishirini na nane mama alikwenda rafuni kama kawaida, akakigusa kipande kwa ulimi wake mwenyewe. Hakikuuma. Akageukia mlangoni, akaita kwa sauti, "Kicheko! Imeiva!"

Akasimama pale, kipande mkononi, mdomo wazi.

Alilifua kwa sabuni hiyo shuka jeupe alilomwahidi Kicheko. Lilipokauka alizika uso ndani yake, akanusa. Halikunuka chochote, jua tupu. Shuka lilikuwa tayari. Wa kulilalia hayupo. Akalikunja, akaenda nalo hadi kiwandani, akalifunga getini.

"Mama, hapa si pa kuanikia," mlinzi akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana sikuja na vibanio."

Wamo wanawake thelathini na mmoja katika chumba kile. Mdogo wao ameanza kukohoa juzi, na jana mama yake alimfulia mashuka. Feni bado imekufa. Wewe umeshajua sasa. Huna tena cha kutafuta mfukoni. Weka chini karatasi hii, nenda ukasimame chini ya shuka lile, na usiondoke mpaka feni izunguke. Usiniambie kesho. Wa kesho ni fundi. Inuka!