Simu Juu ya Kaburi la Opa Yermias

Opa Yermias, yaani Babu Yermias, aliishi miaka sabini na mmoja akiongea kwa uchache mno, hata mkewe aliwahi kumtikisa mezani kuona kama bado yu hai. Ajabu ni kwamba baada ya kufa, kaburi lake likawa mahali penye kelele kuliko pote kisiwani Nuslor.

Sababu ilikuwa mtandao wa simu. Mnara ulikuwa kisiwa cha pili, na katika kijiji kizima mtandao ulifika mahali pamoja tu: kilimani makaburini, kwenye mkono wa kushoto wa msalaba wa Opa Yermias. Wa kulia haukufaa kitu. Tena ukiishika simu mkononi ilikata. Ilibidi uilaze juu ya msalaba, ufungulie spika, ukae kwenye vigae vya marehemu na kupiga makelele. Basi siri hazikuwepo. Mjane wake, Oma, yaani Bibi, Welmince, aliyepanda kila asubuhi kung'oa magugu, alijua nani ana mke wa pili kule mjini Ambon, na mchungaji ameomba uhamisho mara ngapi.

"Oma, tunaomba tukae kidogo," watu walimwambia.

"Kaeni. Mwenyewe hata alipokuwa hai hakulalamika."

Jumanne moja Oma alipanda kilima shavu limevimba kama papai bichi. Jino lilikuwa limemkeshesha siku tatu. Zahanati ilikuwa chini pale, imepakwa rangi ya kijani nzuri sana, lakini nesi wa mwisho aliomba ruhusa ya siku tatu kwenda harusini, na sasa ulikuwa mwaka wa pili. Ikiwa harusi ile ilikuwa inaendelea, basi bibi harusi alikuwa na nguvu. Vyumbani walihamia mbuzi.

Juu ya kaburi alimkuta Bapa Raja Eliaser, mkuu wa kijiji, amekaa na karatasi mapajani. Alikuwa anamsomea ripoti bwana wa ofisi ya wilaya kwa simu.

"Maji safi, yapo!" alipaza sauti kuelekea msalabani. "Yanatiririka! Nesi, yupo! Dawa, zipo!"

"Vizuri sana, Bapa Raja," ilijibu simu. "Picha ya nesi nimeiona. Mbona kavaa joho la kwaya?"

"Ndiyo sare mpya, bwana."

Oma aliangusha panga lake. Kwa jino lile angeweza kumpiga hata askofu.

"Nesi gani?" aliuliza. "Eliaser, nesi gani?"

"Oma, nyamaza, naongea na wakubwa."

"Umekalia kifua cha mume wangu unasema uongo! Sogea huko!" Akamsukuma Bapa Raja mpaka akaangukia kaburi la jirani, kisha akainamia simu. "Hebu nisikilize, baba. Naitwa Welmince. Nina shavu kubwa kuliko kichwa. Huyo nesi kwenye picha ni Salmon, fundi wa mashine za boti. Maji yanayotiririka ni jasho letu tukipanda nayo kutoka kisimani. Na zahanati ina wagonjwa sita, wote wana pembe."

Upande wa pili kulisikika kicheko. "Mama, mimi hapa nina ripoti yenye mihuri mitatu."

"Basi njoo nayo unitibie!"

"Nitakuja," alisema yule bwana, na ungesikia kabisa kwamba alikuwa anamfurahisha kikongwe. Lakini kulikuwa na watu kumi na wanne kwenye foleni nyuma ya Oma, wote wamesikia, na wote waliitikia kwa pamoja: "Tunakusubiri!" Bwana wa watu alikwama.

Jino lenyewe aliling'oa Salmon jioni ileile, kwa koleo la plagi za injini, baada ya kumnywesha Oma vikombe viwili vya sopi, pombe kali ya kienyeji, na kunywa vitatu yeye mwenyewe. Walipoliona jino, Salmon ndiye aliyezimia.

Bwana Gaspar, ndilo jina la yule wa ofisi ya wilaya, alifika wiki tano baadaye kwa meli ya serikali iliyokuwa ikitia nanga kwa saa mbili tu kisha inaondoka. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, viatu vyeupe. Bapa Raja alikuwa amejipanga. Saa ya kwanza ilikwenda kwa hotuba. Ya pili ilikwenda kwa ngoma za mapokezi na samaki wa kuchoma kwa ugali wa sago, na kila Bwana Gaspar alipotaka kuinuka, sahani nyingine ilishuka mbele yake.

"Kula, bwana. Ukikataa sago, mababu wetu watanuna."

"Na zahanati?"

"Zahanati haikimbii."

Kilichokimbia ni meli. Nahodha alipiga honi mara tatu, hakusubiri mara ya nne. Bwana Gaspar alifika ufukoni na mfupa wa samaki mkononi, akaiona meli inatikisa makalio kuelekea upeo wa macho. Kesho yake habari zikaja kupitia msalaba: injini imekufa, meli inavutwa kwenda chelezoni, labda irudi baada ya wiki tatu.

"Labda?" aliuliza Bwana Gaspar.

"Hilo ndilo jina lake hasa," alisema Oma.

Siku ya nne kisima kikamjulia hali. Bwana Gaspar alitoka chooni akarudi chooni, akatoka, akarudi, mpaka watoto wakaanza kumhesabia kwa sauti. Alipoishiwa nguvu alijikokota hadi zahanati. Mlango ukafunguliwa na Salmon, kavaa joho la kwaya, kwa sababu Bapa Raja alikuwa hajakata tamaa.

"Unaumwa wapi, bwana?"

"Tumbo."

Salmon alitazama rafu. Kulikuwa na kopo la mafuta ya injini na kamba. "Silinda moja au zote?" aliuliza, kwa huruma kabisa.

Ni Oma Welmince aliyemchukua. Alimlaza barazani kwake, akachemsha majani ya mpera, akamnywesha bakuli baada ya bakuli huku akimkemea.

"Kunywa."

"Chungu, Oma."

"Nesi wako wa kwenye ripoti anayo tamu. Nikakuitie?"

Alikunywa. Oma alimwangalia yule mtu mzima aliyejikunja kama mtoto kwenye mkeka, soksi zake zimetoboka dole gumba, na hasira aliyokuwa ameipanga kwa wiki tano ikamtoka bila ya yeye kuiruhusu. Jambo hilo lilimuudhi sana.

Siku ya saba Bwana Gaspar alipanda kilima kwa fimbo, akapanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anagombana na mkwewe, kisha akakaa kaburini na kuipigia ofisi yake mwenyewe. Alipokea kijana wa masjala.

"Tuma boti ya mwendo kasi. Naumwa. Niko Nuslor."

"Ngoja nifungue jalada, mkubwa." Karatasi zikasikika. "Nuslor. Nesi, yupo. Dawa, zipo. Mkubwa, hapa inaonyesha huduma ni nzuri kuliko hapa mjini. Nenda tu zahanati."

"Nimeenda! Hakuna kitu!"

"Lakini umesaini wewe, mkubwa. Mihuri mitatu."

Foleni nzima ilianguka chini. Yule mama aliyegombana na mkwewe alicheka mpaka akashika msalaba, na simu ikakata. Bwana Gaspar alibaki amekaa, akaweka uso viganjani, na mabega yakaanza kutikisika. Oma alidhani analia, akajiandaa kumwonea huruma tena. Kumbe naye anacheka.

Alikaa siku ishirini na mbili. Aliteka maji, akajifunza kuchota papeda, ule ugali wa sago unaonata, bila kujichafua kifua, na viatu vyeupe akampa Salmon. Siku ya kuondoka alimshika Oma mikono yote miwili, hakuahidi chochote, na kwa sababu hiyo Oma akamwamini.

Miezi mitatu baadaye aliteremshwa ufukoni nesi wa kweli, Nona Ribka, mfupi, mnene, ametapika njia nzima. Pampu ya maji haikuja. Hadi leo inasemekana iko njiani. Nesi alichungulia zahanati, akavua viatu, akaomba fagio. Kijiji kizima kilimpenda papo hapo.

Jumapili iliyofuata Bapa Raja Eliaser alisimama kanisani, kifua mbele.

"Baada ya mimi kuhangaika sana," alianza, "baada ya mimi kuwapigia wakubwa usiku na mchana, na baada ya mimi tena..."

Oma Welmince, kwenye benchi la tatu, aliangalia juu darini, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo. Hakuwa na sauti nzuri, ila alikuwa na sauti kubwa. Benchi la wanawake likadaka, kisha wanaume, kisha Salmon akaingia na besi, na Bapa Raja, alipoona midomo inatembea na hakuna anayemsikia, akakohoa, akakaa, akaimba na wenzake.