Sufuria za Haboba Kadijah

Medina alikuwa akiongoza mabao manne kwa moja wachezaji wake walipoganda uwanjani, kipa wake kasimama mguu mmoja juu kama kuku aliyesahau alikokuwa akienda. Maandishi yakatokea kwenye televisheni: mawasiliano yamepotea. Kwa sheria waliyojiwekea, anayekatika amefungwa. Binamu yake Latifu, aliyekuwa akicheza kutoka kwake Koboko, alipiga simu kabla Medina hajaweka pedi ya gemu chini.

"Pole, daktari wa takwimu," alisema. "Huyo kipa yako bado anafikiri?"

Mechi zilikuwa tatu, na zawadi ilikuwa haboba, ndivyo Wanubi wa Arua wanavyomwita bibi. Mshindi angekaa na Haboba Kadijah Idi ya kuchinja. Idi iliyopita Latifu alimchukua kwa siku tatu, akamrudisha baada ya miezi minne. Medina, mpima damu katika maabara ya kliniki moja mjini, hakuwa mtu wa kusema amemkosa mtu. Alisema tu kwamba miezi ile nyumba ilikuwa na kiti kimoja zaidi.

"Mimi si kombe," haboba aliwaambia. "Lakini chezeni. Atakayeshinda nakwenda naye. Nimechoka na simu zenu."

Mechi ya pili, Jumamosi iliyofuata, mtandao haukukohoa hata mara moja, na Medina akashinda matatu bila. Ikabaki moja, baada ya siku nane, Jumapili saa kumi alasiri.

Jumatatu alimwita Lado, fundi wa simu wa mtaa wa Oli, aliyevuka mpaka kutoka Yei na begi la bisibisi na imani kwamba kila chombo kina tabia zake. Lado alitazama alama ya mawimbi kwenye mashine ya gemu. Kati ya vijiti vinne kiliwaka kimoja.

"Ni jirani," alisema. "Mashine yake ya kuchomelea inakula hewa."

Natale, mchomelea mageti wa upande wa pili wa ua, aliombwa azime mashine. Akaizima, akaja mwenyewe kushuhudia. Kijiti kikabaki kile kile kimoja. Natale akarudi kazini akiwa msafi kama aliyeachiwa na mahakama.

Lado akaitoa ruta ya mtandao chumbani kwa haboba, akaihamishia sebuleni. Haikupata kitu, kwa sababu ilitumia laini ya simu, na mnara ulionekana kutoka dirisha la haboba peke yake. Akaomba basi mashine na televisheni vihamie chumbani kwa haboba.

"Kwa chumba yangu wanaume ishirini na mbili wanakimbia?" haboba aliuliza. "Hapana."

Waya mrefu wa kuunganisha ruta na mashine ungetoka Kampala Jumanne, siku mbili baada ya mechi.

Kulibaki daftari. Kwa miezi miwili Medina alikuwa ameandika tarehe, saa na idadi ya vijiti, na katika siku zote hizo vijiti vinne viliwaka siku nne tu. Alizisoma kwa sauti, haboba akisuka ukili wa mkeka pembeni.

"Tarehe sita."

"Harusi ya Shakira," alisema haboba bila kuinua macho.

"Tarehe ishirini."

"Arbaini ya mzee Muzamili."

"Tarehe nne."

"Harusi tena. Ile ya mvua."

"Na Jumamosi iliyopita?"

"Fadhul alioza binti. Wewe ulikula pilau sahani mbili, unasahau vipi?"

Lado alikuna kidevu. "Sista, hii mtandao iko na njaa. Inapenda karamu."

Medina alifikiri majirani. Wakiwa harusini hawatumii mtandao, njia inakuwa wazi. Dhana hiyo aliipenda kwa dakika moja, kisha akaiua: vile vijiti havihesabu majirani wala mnara, vinapima tu sauti ya ruta inavyosikika kwenye mashine. Kama sauti inafifia, kuna kitu kati ya chumba na sebule.

"Haboba, siku za karamu unakuwa wapi?"

"Niko na sufuria yangu. Nani atazilinda? Ukiazima watu sufuria bila kufuata, zinarudi vifuniko."

Wote watatu wakageuka kutazama kabati. Lilifunika ukuta mzima baina ya chumba cha haboba na sebule, na nyuma ya vioo vyake zilisimama sufuria arobaini na moja za alumini, zimesuguliwa kwa jivu na mchanga hadi mtu angeweza kujichania nywele mbele yake. Hakuna harusi mtaani iliyopikwa bila hizo. Kwa mawimbi ya ruta, zilikuwa ngome.

Medina alitoa tatu kubwa, akazibeba hadi uani. Kijiti cha pili kikawaka. Lado alipiga kofi moja, akajikuta anacheka peke yake kama aliyetekenywa.

"Rudisha," alisema haboba.

"Haboba, ni hadi Jumapili tu."

"Sufuria yangu haitoki kwa kabati bila karamu. Watu wataona kabati tupu, watasema Kadijah ameuza. Leteni karamu, nitaleta sufuria."

Jumapili ile hakukuwa na harusi wala arbaini. Medina aliuliza hadi Inde, nje ya mji. Siku ya Alhamisi Lado alikuja na karatasi zake za ukimbizi ndani ya bahasha.

"Soma tarehe ya kuzaliwa."

"Januari mosi."

"Siku ya kuandikishwa foleni ilikuwa ndefu, karani akatupa wote Januari mosi, tukawa mapacha ya mama tofauti. Siku ya kweli mama alienda nayo kaburini. Sasa mimi nasema: labda ni Jumapili."

Medina alipiga hesabu. Uwezekano ulikuwa mmoja kati ya mia tatu sitini na tano. Mdogo, lakini hakuna aliyeweza kuukanusha. Wakampelekea haboba shauri hilo.

"Una miaka ngapi na hujapikiwa hata mara moja?" haboba alimuuliza Lado.

"Thelathini na saba, mama."

"Basi mutu akizaliwa anapikiwa. Nitatoa zote."

Hivyo Jumapili sufuria arobaini na moja zilitoka. Wali ulipikwa, nyama ikapikwa, Natale akaleta meko aliyoyachomelea usiku kucha, na Paska, mke wa Lado, akamwimbia mumewe wimbo wa kumkaribisha duniani. Saa kumi sebule ilijaa. Medina aliwakalisha wageni sakafuni, maana mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hula mawimbi. Vijiti vinne viliwaka.

Latifu alifunga kwanza. Medina akasawazisha, akafunga la pili dakika ya sabini, na nyumba ikaruka pamoja na watoto na sahani. Dakika ya themanini alitupa jicho kwenye alama. Vijiti vilikuwa vitatu.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Paska na wanawake wenziwe, watu wa adabu, walikuwa wamemaliza kuosha vyombo na wanavirudisha kabatini mmoja baada ya mwingine, wakiimba. Sufuria ikaingia. Nyingine ikaingia. Vijiti viwili. Medina hakuweza kuachia pedi, na sauti yake haikusikika kwa kelele za Lado, aliyekuwa akimfundisha mwamuzi kazi. Kijiti kimoja. Kipa akaanza kukwamakwama, mguu unapanda.

Ndipo haboba akainuka. Aliitazama alama ile, akalitazama kabati, akajikokota hadi mlangoni, akampokonya Paska sufuria kubwa kuliko zote na kuketi nayo kizingitini, miguu imeziba njia.

"Hii haijakauka," alisema.

"Mama, nimefuta kwa kitambaa."

"Haijakauka. Na zile za kabati pia. Toeni zote, zipate jua."

Zikatoka mbio. Kijiti cha pili, cha tatu. Kipa akashusha mguu kwa wakati, akadaka mpira wa mwisho wa Latifu kifuani, na filimbi ikalia.

Simu iliita mara moja. "Nilikuona unakatika," alisema Latifu. "Nilikuona kabisa. Haboba alikuwa wapi?"

"Alikuwa anaanika sufuria."

"Saa kumi na moja?"

Medina alipitisha kiganja ndani ya ile sufuria kubwa, magotini mwa bibi yake. Ilikuwa kavu kama unga. Haboba alitazama kwingine. Medina akafungua daftari, akaandika tarehe, saa, vijiti vitatu, na kando yake, kwa mwandiko wake ulionyooka: sufuria, hazijakauka.